Kutoka mita ya LUKU hadi darasani: safari ya kodi ya majengo na fedha za shule za umma

Mwananchi anaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi, ujumbe unaofika kwenye simu yake huonesha uniti alizopata pamoja na makato yaliyofanyika, yakiwemo ya kodi ya jengo. Kwa nyumba ya kawaida makato hayo si makubwa, na wengi huyapitia kwa macho bila kuyatafakari. Lakini unapofika mwezi Januari, wazazi wakakuta darasa la kwanza lina watoto wengi kuliko madawati, makato hayo hukumbukwa. Ndipo katika mikutano ya mitaa na vijiji swali hujitokeza: ikiwa kila nyumba inalipa kodi, kwa nini shule ya hapa haina madarasa ya kutosha, na kwa nini wananchi bado wanaombwa kuchangia ujenzi?

Swali hilo ni halali na linastahili jibu lenye hesabu. Jibu fupi ni kwamba kodi ya jengo haikusanywi kwa ajili ya shule ya mtaa fulani. Huingia katika mapato ya pamoja ya umma, na shule hupata fedha zake kupitia njia nyingine zenye kanuni zake. Mwananchi anayezifahamu njia hizo hufahamu pia pa kuuliza, na zaidi ya yote hufahamu wakati wa kuuliza. Makala haya yanaeleza njia hizo kwa upande wa Tanzania Bara.

Kodi ya jengo na namna inavyolipwa

Kodi ya majengo ni miongoni mwa vyanzo vya muda mrefu vya mapato ya serikali za mitaa nchini. Msingi wake wa kisheria umo katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Sura ya 290, na katika sheria ya mwaka 1983 inayohusu utozaji wa kodi ya majengo katika mamlaka za miji, Sura ya 289. Kwa miaka mingi halmashauri zenyewe ndizo zilizothamini majengo, zikaandaa hati za madai na kukusanya. Kazi hiyo ilikuwa na ugumu wake. Kuthamini jengo mojamoja kunahitaji wataalamu na fedha, majengo mengi yalikuwa hayajaingia katika daftari, na gharama ya kumfuata kila mlipaji ilikula sehemu ya kodi yenyewe.

Ndiyo maana jukumu la ukusanyaji limehama zaidi ya mara moja. Mwaka 2008 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kukusanya kodi hiyo katika manispaa za Dar es Salaam. Mwaka 2014 kazi ilirejeshwa kwa halmashauri, na kuanzia Julai 2016 TRA ikakabidhiwa tena. Mabadiliko yaliyogusa kaya nyingi zaidi yalikuja mwaka 2021, Sheria ya Fedha ilipoelekeza kodi hiyo ilipwe kwa makato katika ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliongeza viwango hivyo hadi shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na shilingi 18,000 kwa mwaka, kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 7,500 kwa mwezi, sawa na shilingi 90,000 kwa mwaka, kwa kila sakafu ya ghorofa.

Yapo mambo matatu ambayo mara nyingi huleta mkanganyiko. La kwanza, kodi hii ni ya jengo, wala si ya matumizi ya umeme. Kwa hiyo anayewajibika kisheria ni mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme na kukatwa kodi hiyo anashauriwa kutunza kumbukumbu za makato na kukubaliana na mwenye nyumba ili kiasi hicho kihesabiwe katika kodi ya pango. La pili, mwezi ukipita bila umeme kununuliwa, deni haliondoki; hujilimbikiza na kukatwa siku umeme utakaponunuliwa. La tatu, ipo misamaha. Miongoni mwa majengo yanayosamehewa ni ya ibada na yale ya Serikali yanayotumika kwa huduma za umma, pamoja na nyumba moja ya makazi ya mzee mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, au ya mtu mwenye ulemavu, asiye na chanzo cha kipato. Msamaha huo haujitokezi wenyewe kwenye mita. Mhusika, au ndugu anayemwakilisha, hana budi kufika ofisi ya TRA iliyo karibu akiwa na vielelezo ili taarifa za mita zirekebishwe.

Fedha ikishakatwa inakwenda wapi

Makato yanayofanyika kwenye LUKU husimamiwa na TRA na kuingizwa katika mapato ya Serikali, na sehemu yake hurejeshwa kwa halmashauri. Fedha hizo hazitenganishwi kwa jina la mtaa zilikotoka. Hakuna kifungu kinachoelekeza kwamba shilingi iliyokatwa kwa mkazi wa Mbagala ijenge darasa la Mbagala, au ile ya mkazi wa Nyegezi inunue madawati ya Nyegezi. Zikishaingia, huungana na kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na mapato mengine, kisha hugawanywa kwa mujibu wa bajeti iliyoidhinishwa na Bunge. Sehemu inayorejea kwa halmashauri nayo hugawanywa kwa mujibu wa bajeti iliyopitishwa na Baraza la Madiwani.

Sheria inapotaka fedha ifungwe kwa jambo mahususi, husema hivyo waziwazi. Mfano unaofahamika ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kodi ya jengo haijafungwa kwa namna hiyo kwa shule. Ni kweli kwamba inachangia elimu, kwa kuwa elimu hulipiwa na mapato ya pamoja. Lakini si sahihi kuitazama kama ada ya shule iliyolipwa kupitia umeme.

Mifuko mitatu inayobeba shule ya umma

Shule ya umma ya msingi au ya sekondari hupata fedha na rasilimali zake kutoka mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza, ambao ndio mkubwa, ni wa Serikali Kuu. Huu ndio unaolipa mishahara ya walimu, na ndio unaogharamia Elimumsingi bila ada. Utaratibu huo ulianza Januari 2016 kwa elimu ya awali hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ada ilifutwa pia kwa kidato cha tano na cha sita. Badala ya ada, Serikali hupeleka fedha shuleni kwa viwango vilivyowekwa. Kwa shule ya msingi kiwango ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambapo shilingi 6,000 hupelekwa katika akaunti ya shule na shilingi 4,000 hutumika kwa ununuzi wa vitabu kwa pamoja. Kwa shule ya sekondari kiwango ni shilingi 25,000, nusu yake ikienda shuleni na nusu ikitumika kwa vitabu. Sekondari hupata pia fidia ya ada iliyofutwa, ambayo ni shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 70,000 kwa mwanafunzi wa bweni kwa mwaka.

Fedha za uendeshaji zina matumizi yake: vifaa vya kufundishia na kujifunzia, mitihani, ukarabati mdogo, michezo na shughuli za utawala. Hazikukusudiwa kujenga darasa jipya. Majengo mapya hutoka katika miradi. Mwaka 2021/22, kwa mfano, Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Madarasa 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi. Mradi wa BOOST kwa shule za awali na msingi, na ule wa SEQUIP kwa sekondari, yote ikipata fedha kupitia Benki ya Dunia, imejenga shule mpya na madarasa katika halmashauri nchini.

Mfuko wa pili ni wa halmashauri. Unajazwa na mapato ya ndani: ushuru wa huduma unaolipwa na kampuni na wafanyabiashara, ushuru wa mazao, ada za leseni, mapato ya masoko, minada na stendi za mabasi, na sehemu ya kodi ya majengo inayorejeshwa. Miongozo ya bajeti huzitaka halmashauri zitenge sehemu ya mapato hayo kwa miradi ya maendeleo, na zile zenye mapato makubwa hutakiwa kutenga sehemu kubwa zaidi. Ni katika fungu hili la maendeleo ndipo hutoka fedha za kukamilisha maboma, kununua madawati, kujenga matundu ya vyoo na kuezua paa lililochakaa ili liezekwe upya. Shule, hata hivyo, hushindania fungu hilo pamoja na zahanati, barabara za ndani, masoko na ofisi za kata.

Mfuko wa tatu ni nguvu za wananchi. Katika vijiji na mitaa mingi, wananchi huchimba msingi, husomba mchanga, mawe na maji, hufyatua matofali na kunyanyua kuta hadi usawa wa lenta. Hapo jengo huitwa boma, na halmashauri au Serikali Kuu huombwa kuezeka na kumalizia. Mchango huu ni wa hiari. Elimu kutolewa bila ada hakumzuii mwananchi kujitolea, lakini hakuna mtoto anayepaswa kurudishwa nyumbani au kunyimwa huduma kwa sababu mzazi wake hakuchangia, na kukusanya michango si kazi ya mwalimu.

Hesabu ya darasa moja

Ukubwa wa mifuko hiyo huonekana vyema kwa hesabu. Katika mpango wa mwaka 2021/22, darasa moja pamoja na samani zake lilitengewa shilingi milioni 20. Ikiwa kodi ya nyumba za kawaida pekee, kwa kiwango cha shilingi 18,000 kwa mwaka, ingetakiwa kulipia darasa moja la gharama hiyo, zingehitajika nyumba 1,112 kulipa kwa mwaka mzima bila hata moja kukosa, na bila fedha hiyo kugusa barabara, dawa wala taka. Mtaa wenye nyumba 300 ungesubiri takriban miaka minne kupata darasa moja, na mwalimu wa kuingia humo angekuwa bado hajalipwa.

Hesabu ya pili inahusu fedha za uendeshaji. Shule ya msingi yenye wanafunzi 800, kwa shilingi 6,000 kila mmoja, hupata shilingi 4,800,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 400,000 kwa mwezi. Shule ya kijijini yenye wanafunzi 200 hupata shilingi 1,200,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 100,000 kwa mwezi. Kiwango cha kila mtoto ni kilekile, lakini upepo ukiezua paa, bati na mbao havishuki bei kwa kuwa shule ni ndogo. Kwa hiyo shule zenye watoto wachache, ambazo nyingi ziko mbali na miji, huhitaji zaidi fungu la halmashauri. Na mara nyingi halmashauri ya eneo hilo nayo ndiyo yenye biashara chache na mapato madogo.

Mahali ambapo kodi ya nyumba huenda shuleni moja kwa moja

Baadhi ya wananchi hupendekeza kwamba kodi ya majengo ibaki ilikokusanywa na itumike kwa shule za hapohapo. Upo uzoefu wa nchi inayofanya hivyo kwa muda mrefu, nao unafaa kutazamwa kabla ya kutoa uamuzi.

Nchini Marekani elimu ni jukumu la majimbo, na karibu majimbo yote yamegawanywa katika wilaya za elimu ambazo nyingi huwa na bodi zinazochaguliwa na wananchi. Sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi ya eneo husika. Katika majimbo kama Ohio, nyongeza ya kodi hiyo kwa ajili ya shule hupelekwa kwa wapigakura, nao huikubali au kuikataa kwa kura. Faida yake ni kwamba mlipakodi anajua kilichokatwa, anajua shule kilikokwenda, na anaijua bodi ya kuwajibisha matokeo yasiporidhisha.

Kasoro yake ilidhihirika katika jiji la San Antonio, jimbo la Texas. Mwaka 1968 wazazi wa wilaya ya elimu ya Edgewood, eneo la watu wenye kipato cha chini, walifungua shauri kupinga utaratibu huo. Takwimu zilizofikishwa mahakamani zilihusu mwaka wa masomo wa 1967/68. Edgewood ilitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya jengo, na ikapata dola 26 tu kwa kila mwanafunzi. Katika jiji hilohilo, wilaya ya Alamo Heights, yenye nyumba za thamani kubwa, ilitoza senti 85 tu kwa kila dola 100, na ikapata dola 333 kwa kila mwanafunzi. Waliotozwa kiwango kikubwa zaidi ndio waliopata kidogo, si kwa uvivu wa kulipa, bali kwa sababu nyumba zao zilikuwa za thamani ndogo.

Fedha za jimbo na za serikali ya shirikisho zilipunguza pengo hilo lakini hazikuliondoa: kwa jumla Edgewood ilikuwa na dola 356 kwa mwanafunzi, na Alamo Heights dola 594. Tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba utaratibu huo haukukiuka Katiba ya nchi. Wazazi hawakukata tamaa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya jimbo la Texas, katika shauri jingine lililofunguliwa na Edgewood, iliona kuwa utaratibu huo unakiuka katiba ya jimbo. Mwaka 1993 jimbo likapitisha sheria inayozitaka wilaya tajiri kutoa sehemu ya makusanyo yake kwa ajili ya wilaya maskini. Ilichukua miaka 25 tangu shauri la kwanza kufika hapo.

Utaratibu wa Tanzania umechukua njia nyingine. Mtoto wa shule ya msingi katika Jiji la Dar es Salaam na mtoto wa shule ya msingi pembezoni mwa Kigoma au Ruvuma wamewekewa kiwango kilekile cha fedha za uendeshaji, bila kujali thamani ya nyumba za wazazi wao. Hilo ni jambo la msingi, na ndilo ambalo lingekuwa la kwanza kupotea iwapo kila mtaa ungebaki na kodi yake. Hata hivyo njia hii ina gharama yake: mlipakodi haoni kwa urahisi uhusiano kati ya makato ya LUKU na dawati la mwanawe. Pale uhusiano usipoonekana wenyewe, ni wajibu wa mamlaka kuuonesha kwa taarifa, na ni haki ya mwananchi kuidai taarifa hiyo.

Januari ni mwezi wa kuona upungufu. Bajeti huandikwa kabla

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Bunge hujadili na kuidhinisha bajeti kati ya Aprili na Juni. Kabla ya hapo, mapendekezo ya halmashauri huwa yamepita katika Baraza la Madiwani. Na kabla ya baraza, vipaumbele hutakiwa kuibuliwa na wananchi wenyewe katika vijiji na mitaa kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, kisha kuunganishwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Kwa mtiririko huo, mzazi anayegundua upungufu wa madarasa Januari anakuta bajeti inayotekelezwa ilishapitishwa miezi saba iliyotangulia. Malalamiko yake yanaweza kusaidia kupata fedha za dharura, lakini darasa lililokosekana lilipaswa kuombwa mwaka uliopita. Wakati huohuo, Januari hiyo ndiyo kipindi ambacho halmashauri inaandaa bajeti inayofuata. Mtaa usiopeleka hitaji lake wakati huo huwa umejiandalia upungufu wa Januari nyingine.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika miaka hii. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, ikiwemo kwa darasa la kwanza na la tatu, na chini yake elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Wanafunzi waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, waliowatangulia katika mtaala wa zamani wanamaliza darasa la saba. Makundi mawili yatahitaji nafasi za kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Watoto hao tayari wamo madarasani na idadi yao iko katika daftari la kila shule. Bajeti zinazoamua iwapo watapata chumba, kiti na mwalimu ni zile zinazopitishwa kabla ya wao kufanya mtihani.

Wapi pa kuuliza, na nini cha kuuliza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha za shule zina daftari, na sehemu kubwa ya daftari hilo iko wazi kwa mwananchi.

Katika ngazi ya shule, msimamizi ni Kamati ya Shule kwa shule ya msingi na Bodi ya Shule kwa sekondari. Fedha zinazopokewa na zilivyotumika zinapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Mzazi anayejua idadi ya wanafunzi anaweza kufanya hesabu mwenyewe: azidishe idadi hiyo kwa shilingi 6,000 kwa shule ya msingi, kisha alinganishe na kilichobandikwa kwa mwaka mzima. Tofauti ikiwepo, swali la kwanza ni iwapo takwimu za wanafunzi zilizowasilishwa ni sahihi, kwa kuwa fedha hutumwa kwa kufuata takwimu hizo. Shule iliyopokea watoto wengi wapya na isihuishe takwimu zake hupata pungufu pasipo mtu yeyote kuchukua senti.

Katika ngazi ya kijiji, Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni sehemu ya ajenda zake. Wakazi wa mijini huipata taarifa hiyo kupitia mikutano ya mtaa. Hapo ndipo pa kuhoji fedha za wananchi zilizochangwa kwa boma: zilipokewa kiasi gani, zimenunua nini, na boma limeombewa fedha za umaliziaji katika bajeti ya mwaka upi.

Katika ngazi ya halmashauri, mikutano ya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi kuhudhuria na kusikiliza. Diwani wa kata ndiye mwenye kura katika kugawa mapato ya ndani. Swali lenye manufaa kwake si la jumla kuhusu kodi kwenda wapi, bali mahususi: katika fungu la maendeleo la mwaka huu, shule za kata hii zimetengewa kiasi gani, kimetolewa kiasi gani hadi sasa, na kwa kazi ipi? Fedha kutengwa na fedha kutolewa ni mambo mawili tofauti. Mapato yakikusanywa pungufu ya makadirio, mradi uliotengewa fedha unaweza kufunga mwaka bila kuanza.

Kwa masuala ya makato yenyewe, kama vile mita mbili za jengo moja kukatwa zote kodi, nyumba ya kawaida kukatwa kwa kiwango cha ghorofa au mzee mwenye sifa ya msamaha kuendelea kukatwa, ofisi ya TRA ndiyo yenye mamlaka ya kurekebisha. Mhusika afike na namba ya mita, kitambulisho na uthibitisho wa umiliki wa jengo.

Kodi ya jengo ya mwezi mmoja haitoshi hata kununua mfuko wa saruji. Ikiunganishwa na za wengine na kusimamiwa vyema, huwa sehemu ya mshahara wa mwalimu, ya kitabu na ya bati la darasa ambalo huenda liko mkoa mwingine. Kama ambavyo fedha za walipakodi wa mikoa mingine zimo katika shule ya mtaa wake. Kinachobaki kwa kila mtaa ni kuhakikisha kwamba hitaji la shule yake limeandikwa, limehesabiwa na limefika kwa diwani kabla ya bajeti kufungwa.